Fimbo yenye pete za kuzunguka

SWALI: Ndugu Mhariri, kila likizo husafiri kutoka Dodoma hadi Mafia kuvua kwa chambo cha chuma, ambacho hushushwa wima hadi chini kisha kupandishwa kwa mikupuo. Nimepewa rili ya pipa (kifaa cha kukunjia mshipi) inayokaa juu ya fimbo fupi, ambayo pete zake za kupitishia mshipi zinaanzia juu, zinapita ubavuni na kuishia chini. Wenzangu wanaicheka. Je, niiuze?
Msomaji, Area C.

JIBU: Usiiuze, ndugu yetu. Rili ya kuning'inia chini ya fimbo, inayotumiwa na wengi, hung'ara katika kurusha mbali, jambo ambalo uvuvi wako hauhitaji. Tena huulazimisha mshipi kupinda kwenye kiroda chake kabla ya kuingia, ilhali pipa huuvuta moja kwa moja, hivyo nguvu ya mkono haipotei unapompandisha kolekole mzito. Pete hizo za ajabu zina sababu: zikiwa zote juu, samaki anapovuta, fimbo hutaka kujipindua mkononi, lakini zikimalizikia chini hutulia.

Kasoro ni kwamba rili nyingi za aina hiyo hazipangi mshipi zenyewe, nawe utauongoza kwa kidole gumba. Jizoeze bwawani Mtera. Perege hawatakujali, lakini kidole kitajifunza.

Tumia uzi wa kusukwa, kwa kuwa hauvutiki, umalizie kwa mita chache za nailoni nene dhidi ya miamba. Breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza, ianze kuachia mshipi kwenye takriban robo ya uzito ambao mshipi unaweza kuuhimili.