Nilivyokataa wiki nzima kuosha pua kwa maji ya chumvi nikiwa mjamzito

Niseme ukweli tu, wiki nzima nimeambiwa "osha pua kwa maji ya chumvi" na mimi naitikia "sawa" halafu sifanyi. Mimba ilikuwa na wiki 23, mafua yamenishika vibaya, tundu zote mbili zimeziba, usiku nalala nimeegemea mito mitatu mdomo wazi, naamka koo limekauka hadi kumeza mate ni kazi. Na bado niliona bora niteseke kuliko kujimwagia maji ndani ya pua. Naandika haya kwa sababu najua kuna mwenzangu saa hizi kakaa kitandani, saa nane usiku, pua imeziba, mtoto anacheza tumboni, anaperuzi simu kutafuta kitu cha kumpa nafuu bila kumdhuru mtoto, na kila akifika kwenye hii habari ya kuosha pua anaipita haraka haraka.

Hofu yangu kubwa ilikuwa kupaliwa. Yani ukishawahi kuingiwa na maji puani ukiwa unaogelea unajua ule moto unaopanda mpaka utosini, sasa mtu anakwambia ujifanyie hivyo makusudi, tena ukiwa na tumbo. Nikawaza ntapaliwa, ntakosa pumzi, na mimi nikikosa pumzi mtoto naye anakosa. Halafu nikawaza chumvi, kwamba itaingia kwenye damu inipandishie presha, na kliniki kila nikienda wananipima presha na kunikumbusha nipunguze chumvi. Na juu ya yote hayo kichefuchefu kilikuwa hakijaniacha vizuri, hata mswaki ukigusa ulimi nyuma natapika, sembuse maji yapite nyuma ya koo.

Kwahiyo nilikuwa nafanya nini badala yake? Nilikuwa nina dawa ya kupuliza puani, ile ya kufungua pua, iliyobaki nyumbani toka kabla ya mimba. Napuliza, dakika chache pua inafunguka, napata usingizi, baada ya masaa inaziba tena napuliza tena. Kwangu ile ilikuwa salama kwa sababu ni dawa niliyoizoea, na sikumuuliza mtu yeyote.

Wifi yangu ni nesi. Alikuja kunijulia hali akakiona kile kichupa kando ya kitanda, akakishika akasoma, akaniuliza, "Wifi, hii leo unapuliza siku ya ngapi?" Nikamwambia ya sita. Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo pua sasa hivi haijazibwa na mafua peke yake," akasema, "hii dawa nayo inaiziba." Akanieleza kwamba dawa za namna ile zinabana mishipa midogo ya damu ndani ya pua, ndio maana pua inafunguka haraka, lakini ukizidisha siku 3 hivi mishipa inazoea, dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, unapuliza tena, na mzunguko unaendelea hivyo hivyo. Na vile vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini akaniambia ndio kabisa nisiviguse bila daktari, hasa miezi mitatu ya kwanza wanashauri viepukwe. Halafu akaniuliza swali ambalo lilinikaa: "Sasa dawa unapuliza bila kumuuliza mtu, maji na chumvi ndio unayaogopa?"

Sikuwa na jibu. Niliumia kwa kweli, kwa sababu nilidhani nimekuwa mwangalifu kwa ajili ya mtoto, kumbe uangalifu wangu ulikuwa unaangalia upande ambao hauna hatari.

Tukakaa tukaongea hofu moja moja. Kuhusu chumvi, yale maji hayakai mwilini, yanaingia tundu hili yanatokea lile, kinachobaki ni matone, hata ukimeza kidogo ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na unachokula kwa siku nzima. Maji yenyewe yanatengenezwa yawe na chumvi karibu sawa na ya mwilini, gramu 9 kwa lita 1. Ila kama wewe tayari una presha ya mimba au umeambiwa una dalili za kifafa cha mimba, uliza kliniki kabla ya kuanza kitu chochote kipya, hata hiki. Mtoto hafikiwi na chochote hapo. Na kupaliwa, akasema, mtu anapaliwa akiinua kichwa juu au akivuta pumzi kwa pua wakati maji yanapita, lakini ukiinama na kupumua kwa mdomo maji yanafuata njia yao.

Pia aliniambia kitu ambacho nashangaa hakuna aliyewahi kuniambia kabla, kwamba pua ya mjamzito inaziba kirahisi hata bila mafua. Damu mwilini inaongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, homoni zinafanya ngozi laini ya ndani ya pua ivimbe, kwahiyo mafua yakija yanakuta pua ishajaa. Kuna wajawazito, kama mmoja kati ya watano, wanaozibwa pua wiki 6 au zaidi bila mafua wala mzio. Sasa ukiwa na tatizo la wiki sita halafu dawa yako mwisho siku tatu, hesabu haikubali, unahitaji kitu unachoweza kukirudia kila siku. Hapo ndipo nilipoanza kulegea. Akanitafutia na utafiti mmoja wa Italia wa mwaka 2010, waliwapa wajawazito wenye mafua ya mzio maji ya chumvi waoshe pua mara 3 kwa siku kwa wiki 6, dalili zikapungua na dawa za mzio wakazihitaji kidogo kuliko wenzao. Najua mzio sio mafua ya virusi, lakini mimi nilichotaka kusikia ni kwamba kuna wajawazito walishafanya hivi chini ya uangalizi, na nikasikia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo la kuogopa kweli, na mimi nilikuwa hata silifikirii. Maji. Siku ile nimekubali, nikanyanyuka nikaenda kukinga maji ya bomba yenye uvuguvugu, wifi akanishika mkono. Maji ya bomba yanayofaa kunywa hayafai kuingia puani hivi hivi. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, inaitwa Naegleria fowleri, inaishi kwenye maji yasiyo na chumvi yenye joto joto, ukiinywa asidi ya tumbo inaimaliza, lakini ikipanda puani inaweza kufuata mshipa wa fahamu wa kunusia hadi kwenye ubongo, na ikishafika huko ni wachache mno wanaopona. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Ni ugonjwa wa nadra sana, sikutajii ili ukimbie, nakutajia ili ujue kwamba hii hatari unaiondoa mwenyewe jikoni kwa dakika moja.

Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, yaache yaendelee kutokota dakika 1 nzima, na kama unaishi mahali pa juu sana, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Funika yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Au nunua maji yaliyotoneshwa (distilled) au yaliyotakaswa kwa ajili ya tiba (sterile), hayo yameandikwa hivyo kwenye lebo. Maji ya kunywa ya chupa sio kitu kimoja na hayo, usichanganye. Uliyochemsha yahifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko na uyatumie ndani ya masaa 24, yakizidi mwaga uchemshe mengine. Mimi nilikuwa nachemsha asubuhi yanatosha mpaka usiku.

Chumvi tumia ile laini isiyo na madini joto ukiipata, kwa sababu ile yenye madini joto inawawasha wengine. Kwa lita 1 ni kijiko cha chai kimoja na nusu, kwahiyo kwa kikombe cha robo lita inakuwa chini kidogo ya nusu kijiko. Ukitaka yasichome kabisa ongeza bikaboneti kidogo kwa ncha ya vidole, yani baking soda tupu, sio baking powder wala magadi. Usije ukaweka maji matupu bila chumvi ukadhani ndio laini zaidi, maji matupu ndiyo yanayochoma, ule moto wa kuogelea niliokuwa nauogopa unatokana na hapo. Au kama kupima pima kunakupa wasiwasi kuna pakiti zilizopimwa tayari famasi, unamimina pakiti kwenye chupa basi.

Mara ya kwanza wifi alisimama pembeni yangu. Nikasimama mbele ya sinki miguu nimeitanua kidogo, mkono mmoja nimeshika ukingo wa sinki, maana ukiwa na tumbo ukiinama unaweza kupata kizunguzungu. Kama sinki lako liko chini sana kaa kwenye kiti uweke beseni mapajani, usijikunje ukaminya tumbo. Unainama mbele, unageuza kichwa upande kama unataka sikio moja litazame chini, mdomo unaacha wazi unapumua kwa mdomo, halafu kichupa laini cha kubinya, chenye yale maji ya chumvi, unakiweka kwenye tundu la juu na kubinya taratibu. Wifi akanifundisha niwe nasema "ka, ka, ka" wakati maji yanapita, ukisema hivyo nyuma ya koo panajifunga maji hayashuki. Nikasema ka ka ka huku machozi yananitoka kwa uoga, na maji yakaanza kutoka tundu la chini. Hayakuchoma, nilihisi uvuguvugu tu na ladha ya chumvi kwa mbali. Yakatoka na kamasi nzito ndefu ambayo sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote zile.

Nikapenga taratibu, bila kuziba tundu zote mbili, maana ukipenga kwa nguvu maji yanasukumwa kwenye masikio, tukafanya na upande wa pili. Halafu nikavuta pumzi kwa pua. Nilikaa chini nikalia, sio kwa maumivu, ni ile hewa.

Kichefuchefu hakikuja siku ile, na nilivyokuja kuelewa baadaye, ile kamasi iliyokuwa inashuka kooni usiku kucha ndiyo ilikuwa inanitapisha asubuhi. Ila fanya kabla ya kula, sio baada. Na usifanye ukielekea kulala papo hapo, yanabaki matone humo ndani, mimi niliwahi kulala yakanishukia kooni nikakohoa sana, bora lisaa limoja kabla, inama mara mbili tatu yatoke kwanza ndipo ulale. Chombo kioshe kila mara kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, kianikwe kikauke, na ni chako peke yako hata mumeo asikiguse.

Sio kila mtu aanze leo. Kama pua imeziba kabisa upande wowote hapapiti hewa, usilazimishe, maji yatatafuta njia ya masikioni. Kama sikio linauma, au pua inatoa damu, na ujauzito unaleta damu ya pua mara nyingi tu, subiri umuulize mtaalamu. Na kama bado roho haijakubali kubinya chupa nzima, kuna maji ya chumvi ya kupuliza yasiyo na dawa ndani, soma lebo uone ni chumvi na maji tu, puliza hayo hata siku mbili tatu uzoee. Usione umeshindwa.

Mafua hayakuisha kwa sababu ya maji. Mafua yana siku zake, 7 hadi 10 kwa wengi, na maji ya chumvi kazi yake ni kukusafishia njia wakati unasubiri. Ile dawa ya kupuliza niliacha siku ile ile, na siku tatu zilizofuata pua ilinisumbua sana, nilikuwa naosha asubuhi, jioni, na katikati ya siku nikizidiwa. Nakwambia ili ukiipitia usirudi kwenye kichupa.

Ila ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kifua kikabana, ukashindwa kupumua vizuri, uso ukauma sana chini ya macho, au siku 10 zikapita unazidi kuwa mbaya, hapo sio habari ya chumvi tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto akipunguza kucheza kuliko ulivyomzoea usisubiri asubuhi.

Mimi baada ya mafua kuisha pua iliendelea kuziba ziba mpaka mwisho wa mimba, nikaendelea kuosha mara moja kwa siku. Siku ya tisa baada ya kujifungua niliamka usiku kumnyonyesha, nikiwa nimemshika gizani nikashtuka kwamba nimetoka usingizini mdomo wangu umefungwa, napumua kwa pua, na nasikia harufu ya kichwa chake.