Ndugu kashikwa ugenini, serikali imekaa kimya: maswali yenu na majibu

Maswali yenu ni mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja, serikali inafanya nini hasa raia wake akishikwa nchi ya watu au vita ikimkuta hukohuko. Nimechukua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, tuanze.

Kaka yangu kakamatwa nje, kila nikipiga ubalozini naambiwa "tunalifuatilia kwa karibu". Wanafuatilia nini?

Pole sana dada. Hilo neno linachosha najua, ila nyuma yake kuna kazi na wewe una haki ya kuijua, sababu ukiijua utawauliza maswali ambayo hawawezi kuyakwepa.

Kuna mkataba unaitwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, yaani kazi ya ubalozi kuhudumia raia wake ugenini, karibu dunia nzima imeusaini, na kifungu cha 36 ndo chenu nyie familia. Kinasema mtu wa nje akikamatwa lazima aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe, na akitaka ujulishwe basi polisi wanatakiwa wapeleke taarifa, na afisa wa ubalozi ana haki ya kumtembelea, kuongea nae, kuandikiana nae barua na kumsaidia kupata wakili. Angalia hapo, ni AKITAKA. Kuna watu wanakataa wenyewe, wengine wanaogopa serikali yao kuliko hata ya wale waliowakamata, na akikataa wazi ubalozi hauwezi kulazimisha.

Sa kiutendaji inakua hivi. Ubalozi unaandika barua ya kidiplomasia kwenda wizara ya mambo ya nje ya nchi ile kuomba kuonana nae, wizara inapeleka magereza au polisi, jibu linarudi njia hiyohiyo, inaweza kuwa siku mbili inaweza kuwa miezi. Siku ya kuonana mara nyingi askari anakaa humohumo chumbani anasikiliza, kwa hiyo afisa anauliza vitu vya kawaida, umekula, umepigwa, dawa zako unapata, una wakili, unataka tumwambie nani nyumbani, na afisa mzuri anaangalia zaidi ya anavyosikia, anaangalia mikono, uso, mtu amekondeana kiasi gani, anavyokaa. Halafu anaandika ripoti. Kwa hiyo uliza: barua mmeandika lini, mmejibiwa, mmemuona kwa macho, lini mara ya mwisho, wakili ni nani. Wakishindwa kujibu hata moja basi hawafuatilii.

Na ujue pia wasichoweza. Hawawezi kumtoa, hawawezi kuingia mahakamani wakawa mawakili wake, na nchi nyingi hazilipi faini wala dhamana kwa ajili ya raia wao. Wanachoweza ni kuhakikisha hatendewi vibaya kuliko wengine na kwamba hasahauliki, na hilo la kutosahaulika sio dogo kabisa.

Na kama wakikataliwa kabisa kumuona? Huo mkataba si ni karatasi tu?

Sio karatasi tu. Mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague iliamua Marekani ilivunja mkataba huo kwa Wamexico 51 waliokuwa wamehukumiwa kifo bila kuelezwa haki yao ya ubalozi. Na mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ikaiambia Pakistan imevunja kifungu cha 36 kwa kuinyima India nafasi ya kumuona raia wake aliyehukumiwa kifo kwa ujasusi, Pakistan ilikua inasema mkataba hauwahusu majasusi, mahakama ikakataa, na Septemba mwaka huohuo mwanadiplomasia wa India akaruhusiwa kumuona kwa mara ya kwanza tangu akamatwe 2016. Miaka mitatu ndugu zangu! Haki ilikuwepo ila ilibidi serikali isimame iishtaki nchi nyingine. Serikali ikiamua kutopigania, kifungu kinabaki kilivyo na mtu wenu anabaki ndani.

Kwanini rais asipige simu tu, au aseme hadharani? Mbona wenzetu wanapiga kelele na watu wao wanatoka?

Hili ndo swali lililoniumiza zaidi maana limetoka kwa watu wengi na wote wana uchungu.

Kelele saa ingine inasaidia, saa ingine inaua. Mfano halisi, kuna mama Muingereza mwenye asili ya Iran alikamatwa Tehran mwaka 2016 akitaka kurudi London na mtoto wake mdogo, alikua ameenda kusalimia wazazi. Novemba 2017 aliyekua waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, Boris Johnson, akasema mbele ya kamati ya bunge kwamba alikua anafundisha watu uandishi wa habari, kitu ambacho sio kweli, familia na mwajiri wake wakakanusha, ila siku chache baadae yule mama kapelekwa mahakamani na maneno ya waziri yakatumika kama ushahidi dhidi yake. Sentensi moja ya waziri ambaye hakusoma faili vizuri. Ndo maana wanadiplomasia wanaogopa maikrofoni.

Lakini kesi hiyohiyo ina upande wa pili. Mume wake hakunyamaza, alipiga kelele miaka, akagoma kula nje ya ubalozi wa Iran na baadae nje ya wizara ya mambo ya nje ya nchi yake mwenyewe, na kelele zake zilifanya Uingereza ishindwe kuendelea kukwepa kitu kilichokua kinajulikana, kwamba inadaiwa na Iran karibu pauni milioni 400 za vifaru ambavyo Shah, mfalme wa Iran wa wakati huo, alilipia miaka ya 70 na havikufika vyote baada ya mapinduzi. Machi 2022 deni likalipwa na mama akarudi nyumbani. Pande zote zilisema ni mambo mawili tofauti, ila yametokea kwa pamoja.

Kwa hiyo mi msimamo wangu ni huu na sitaubadilisha: serikali inaweza kuwa na sababu nzuri ya kukaa kimya mbele ya waandishi, haina sababu yoyote ya kukaa kimya mbele ya mama wa mtu. Kuna tofauti kubwa sana kati ya waziri anayekataa kujibu kwenye press halafu jioni afisa wake anapiga simu kwa familia anawaambia tumefika hapa tumekwama hapa, na waziri anayekataa kujibu press na familia pia haijui kitu wanasoma kwenye mitandao kama watu baki. Wa kwanza anafanya diplomasia. Wa pili anajificha nyuma ya hilo neno.

Familia ikiambiwa ukweli, hata mbaya, ndo inaweza kuamua kupiga kelele au kusubiri. Ikinyimwa taarifa itapiga kelele bila kujua inapiga wapi, na hapo msiwalaumu.

Binti yangu ana pasipoti mbili, kakamatwa kwenye nchi mojawapo. Ile nyingine inaweza kumsaidia?

Kisheria ni ngumu, mzee wangu. Mkataba wa The Hague wa 1930 kuhusu uraia unasema nchi haitamlinda raia wake kidiplomasia dhidi ya nchi nyingine ambayo nae ni raia wake. Iran kwa mfano haitambui uraia pacha, ukiingia na asili yao wewe ni wao tu na ubalozi mwingine unaambiwa haukuhusu. Ila kuombea kupo, nchi ya pili inaweza kuongea kama rafiki, isipokua haina haki ya kudai. Kwa ambae bado hajasafiri: fikiria sana kabla hujaingia kwenye nchi hiyo, na jua kwamba ukiingia na pasipoti yao unawapa nguvu zaidi ya kukuhesabu wa kwao.

Hatuna ubalozi kwenye hiyo nchi. Tunaanzia wapi?

Ubalozi wa nchi jirani unaosimamia eneo hilo, wizara yenu itawaambia ni upi. Kama nchi mbili hazina uhusiano kabisa kuna utaratibu wa nchi ya tatu kusimamia maslahi, Uswisi inaiwakilisha Marekani Iran tangu 1980, na Korea Kaskazini kazi hiyo inafanywa na Sweden. Wanaenda gerezani kwa niaba, wanapeleka ujumbe. Sio sawa na kuwa na balozi wenu ila mlango upo.

Vita ikianza serikali inasema "tunazitaka pande zote zijizuie". Mbona hawasemi nani kakosea? Woga?

Saa ingine woga, saa ingine biashara, na saa ingine kuna watu ndani na ndo wanaofikiriwa kwanza.

Chukua Ukraine. Urusi ilivamia tarehe 24 Februari 2022 na kule kulikua na maelfu ya wanafunzi wa kigeni, Wahindi, Waafrika, Waarabu. Anga imefungwa siku hiyohiyo, ndege hakuna. Kura ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ikapigwa tarehe 2 Machi, nchi 141 zikataka Urusi iondoke, 5 zikapinga, 35 hazikufungamana, Kenya ilisema ndio, Tanzania na Uganda hawakufungamana, India nayo hivohivo. Wakati India inapiga kura ile mji wa Sumy ulikua na wanafunzi wake karibu 700 wamekwama hosteli, siku zilizofuata maji yakawa shida hadi wakayeyusha barafu wapate ya kunywa, na siku moja kabla ya kura mwenzao kauawa kwa mabomu Kharkiv akiwa kwenye foleni ya chakula. Tarehe 7 waziri mkuu Modi akaongea na Putin na Zelensky siku moja, tarehe 8 mabasi yakatoka Sumy kwenda Poltava, na yakabeba hadi wanafunzi wa Nepal, Bangladesh, Pakistan na Tunisia.

Basi barabarani linapita mbele ya bunduki za pande mbili, na ukishamtukana mmoja wao itabidi umuombe nani afungue njia. Hapo naielewa lugha ya "pande zote".

Ila isiwe kichaka. Watu wakishatoka salama, uvamizi uitwe uvamizi, Hati ya Umoja wa Mataifa kifungu cha 2 inakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya mipaka ya nchi nyingine na nchi ndogo ndo zinazoihitaji sheria hiyo kuliko wote, maana hazina kitu kingine cha kuzilinda. Serikali iliyonyamaza kwa sababu ya raia wake, raia wakisharudi inabaki na sababu gani?

Kubadilishana wafungwa ni sawa? Si tunawapa motisha wakamate wengine?

Ndio inawapa motisha, na bado ningekua na mtoto ndani ningetaka abadilishwe. Desemba 2022 Marekani iliirudishia Urusi Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha aliyekua na kifungo cha miaka 25, ikampata Brittney Griner mchezaji wa basketi aliyefungwa miaka 9 kwa mafuta kidogo ya bangi. Uzito haulingani hata kidogo. Agosti 2024 pale Ankara, Uturuki, Urusi na nchi za Magharibi wakabadilishana watu 24 kwa mpigo na Ujerumani ikakubali kumuachia muuaji aliyehukumiwa maisha.

Nchi ndogo haina Bout wa kutoa. Ndo maana naona njia ya kundi ni bora, mwaka 2021 Canada ilianzisha azimio la kupinga kukamata raia wa nje kama karata ya siasa, zaidi ya nchi 50 zikaunga mkono, na Canada ilijua inachosema, raia wake wawili walishikwa China siku chache baada ya Canada kumkamata pale Vancouver Meng Wanzhou, kigogo wa kampuni ya China ya Huawei, na wakatoka siku ileile alipoachiwa, Septemba 2021.

Kijana wetu alidanganywa na ajenti kazi ya ulinzi, kajikuta vitani, sa hivi ni mateka. Yupo chini ya ubalozi?

Akivaa sare za jeshi la nchi nyingine na akakamatwa, anahesabiwa mfungwa wa vita chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949, na mlango wa kwanza ni Msalaba Mwekundu wa kimataifa, wana ofisi maalum ya kutafuta watu. Peleka jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Wakati huohuo isukumeni serikali, India ililisema hili kwa Putin uso kwa uso Julai 2024 na baadhi ya vijana wakaachiwa, Nepal ikasimamisha vibali vya kazi kwenda Urusi na Ukraine. Msiwe na aibu mkamficha, kijana aliyedanganywa sio mhalifu.

Kuna mtu katupigia anasema ana koneksheni ubalozini, tutume hela atatolewa kesho.

Msitume. Matapeli wanasoma posti za familia, wanachukua jina na picha, kesho wanakupigia wanajua kila kitu. Mkitakiwa kulipa kweli, mfano faini au wakili, itakuja kwa maandishi yenye namba ya kesi. Pigeni namba iliyopo kwenye tovuti ya wizara, sio aliyowapa yeye, muulize kama wanamjua, na chagueni mtu mmoja kwenye familia awe ndo anaongea na ubalozi, mwenye daftari la tarehe, jina la afisa na alichosema. Hadi wizara ijibu, simu ya huyo jamaa msipokee tena.