Muulize Dada: Mteja Anataka Nilipwe Mradi Ukikubali

Shikamoo Dada. Ninasanidi programu, huu ni mwaka wangu wa nne. Kupitia soko moja la kazi mtandaoni nimempata mteja anayetaka niiongezee uwezo maktaba ya programu huria (msimbo, yaani maandishi ya programu, ulio wazi kwa wote na unaotumiwa ndani ya programu nyingine) inayotumiwa na kampuni yake: isome mafaili makubwa kidogo kidogo badala ya kuyapakia yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa mpigo. Kazi naiweza, nimekwisha kuijaribu pembeni ikakubali. Bei tumeafikiana, ya kazi nzima. Ila mkataba una sentensi isemayo nitalipwa "mabadiliko yatakapopokelewa katika toleo rasmi la mradi". Wasimamizi wa mradi huo siwajui wala hawanijui. Halafu masharti ya soko lenyewe yanasema kila nitakachoandika ni mali ya mteja mara tu akilipa. Mteja ni mtu mwema na anataka nianze Jumatatu. Niweke sahihi?
Msomaji mwenye siku nne

Marahaba, mdogo wangu. Usiweke sahihi bado. Sentensi hiyo naijua. Niliwahi kuikubali, na nitakusimulia yaliyonipata kwa sababu naamini yatakufaa kuliko onyo tupu.

Ilikuwa maktaba ya kuhesabu tarehe. Mteja alitaka ielewe kalenda nyingine mbali na hii ya Januari hadi Desemba. Nilifanya kazi wiki sita. Niliandika majaribio zaidi ya mia, nikaandika maelezo ya matumizi, nikatuma ombi la kuunganisha msimbo wangu na wa mradi, nikakaa kusubiri pongezi. Wiki ya kwanza kimya. Mwezi mzima kimya. Mradi wote ulikuwa na msimamizi mmoja, anayeushughulikia usiku baada ya ajira yake ya mchana, na hakuwa na deni lolote kwangu wala kwa mteja wangu. Mwezi wa tatu akajibu, kwa adabu kabisa: mwaka uliotangulia wachangiaji wa mradi walikubaliana kwamba kalenda nyingine zikae kwenye kiongezi cha nje, zisiingie ndani ya maktaba yenyewe. Makubaliano hayo yalikuwa wazi kwenye majadiliano ya mradi, yeyote angeweza kuyasoma. Mimi sikuyasoma. Fedha ambazo soko lilizishika kama amana zikarudi kwa mteja, na wala hakunidhulumu: mkataba ulisema hivyo na sahihi ilikuwa yangu.

Kinachoniuma mpaka leo si zile wiki sita. Ni kwamba katikati ya ule ukimya nilimwandikia yule msimamizi mara tatu ndani ya wiki moja, nikimhimiza kana kwamba ni karani wangu. Shida yangu ya fedha niliigeuza kuwa mzigo wake. Ukikubali sharti hilo, unamuuzia mteja uamuzi wa mtu wa tatu, kisha inakubidi uende kumbana mtu huyo ili ulipwe jasho lako. Kazi ya mikono yako unaweza kuiuza. Kukubaliwa kwake si mali yako ya kuuza.

Hata hivyo, usimwone mteja kama mtu mkorofi. Ana sababu nzuri ya kuandika alichoandika. Mabadiliko yako yasipoingia kwenye toleo rasmi, kampuni yake itabaki na nakala yake ya pembeni, na kila maktaba itakapotoa toleo jipya, mtu atalazimika kukaa chini na kuyapandikiza mabadiliko hayo upya, kupima, kurekebisha yaliyogongana. Toleo likitoka kuziba tundu la usalama, kazi hiyo haingoji. Kwa hiyo anachokihofia ni gharama ya miaka ijayo, na ana haki ya kuihofia. Mwambie hivyo hivyo, kwamba umemwelewa, halafu mpe mpango mwingine.

Mimi siku hizi huigawa kazi ya namna hii katika hatua tatu, na bei naigawa asilimia 20, 55 na 25. Hatua ya kwanza ni mazungumzo. Unasoma majadiliano ya zamani ya mradi, unafungua mada hadharani, unawaeleza wasimamizi unachotaka kufanya na namna unavyofikiri kukifanya, kisha unampelekea mteja ripoti fupi ya walivyojibu. Hatua hii inalipwa hata jibu likiwa "hapana", na hilo liandikwe kwa maneno hayo hayo. Kwa mteja ni bima: afadhali alipe asilimia 20 akajua mlango umefungwa kuliko alipe yote. Kwangu, siku chache za kuuliza zingeniokolea wiki sita.

Hatua ya pili ni msimbo wenyewe pamoja na majaribio na maelezo, ukikabidhiwa kwenye tawi lililo wazi (nakala ya mradi iliyo hadharani, yenye mabadiliko yako) ambalo kampuni inaweza kuanza kulitumia siku hiyo hiyo. Kipimo cha kukamilika kiwe kitu unachokitawala wewe. Kwa kazi yako naona kipimo ni rahisi: faili la gigabaiti kadhaa lisomwe hadi mwisho bila matumizi ya kumbukumbu kuvuka kiasi mtakachokiandika, na majaribio yote ya zamani ya maktaba yaendelee kupita. Hatua ya tatu ni kuitikia ukaguzi wa wasimamizi: badilisha jina hili, gawa faili hili, ongeza jaribio lile. Hapo weka ukomo, ama wa saa ama wa miezi, kwa sababu ukaguzi mwingine ni wa siku mbili na mwingine ni wa msimu mzima. Unalipwa kwa kuitikia, iwe msimbo umeingizwa au haujaingizwa.

Mpango huu si uvumbuzi wangu. Mwaka 1999 Collab.Net, kampuni ambayo Brian Behlendorf wa Apache, mradi wa programu huria ya seva za wavuti, alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilifungua soko lililoitwa sourceXchange kwa ajili ya kazi kama yako hasa: mfadhili anaeleza anachotaka, msanidi anatoa pendekezo, kazi inakatwa kwa hatua, na msanidi mwingine asiye upande wowote anaikagua kila hatua kabla fedha hazijatoka. Soko lilifungwa mwaka 2001. Lakini yule mkaguzi wa kando lilikuwa wazo la busara mno, na masoko ya kazi ya leo yamelisahau. Ukiweza kumshawishi mteja atenge kifungu kidogo cha kumlipa mkaguzi mnayemkubali nyote wawili, fanya hivyo. Mkiwa na mwamuzi wa tatu, swali la "imekamilika au haijakamilika?" halitawagombanisha.

Jambo jingine, ambalo hata wenye uzoefu wanalisahau: wasimamizi waambie tangu ujumbe wa kwanza kwamba unalipwa, na kama mteja ameridhia, na nani. Hawatakufukuza. Watakuuliza swali la haki kabisa, kwamba ukishalipwa ukaondoka, nani atautunza msimbo huo. Uwe na jibu. Mimi hujiwekea miezi sita ya kurekebisha makosa yatakayoonekana kwenye sehemu niliyoiandika, na gharama yake huiingiza kwenye bei tangu mwanzo.

Sasa kuhusu umiliki, ambako naona umenusa hatari bila kuipa jina. Soko linasema ukishalipwa hakimiliki inahamia kwa mteja. Sawa. Lakini mradi wa programu huria hauwezi kupokea msimbo kutoka kwa mtu asiye na haki ya kuutoa. Tangu mwaka 2004 wachangiaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux huweka kwenye kila badiliko mstari wa kuthibitisha kwamba wana haki ya kulitoa chini ya leseni ya mradi, na miradi mingi imeiga. Ukiweka mstari huo ilhali karatasi nyingine inasema msimbo ni mali ya kampuni fulani ambayo haikuruhusu chochote kwa maandishi, umethibitisha jambo usiloweza kulithibitisha. Miradi mingine hudai mkataba maalumu wa mchangiaji, na hapo anayepaswa kuusaini huenda akawa mteja, si wewe.

Dawa yake ni sentensi moja, na iingie kwenye mkataba kabla ya Jumatatu: kwamba mteja anakubali kazi yote itolewe chini ya leseni ile ile ya mradi, tangu siku inapochapishwa kwenye tawi la wazi, hata kama malipo bado, na kwamba kifungu hiki kina nguvu kuliko masharti ya jumla ya soko. Kisha angalia kama soko lenyewe linaruhusu wahusika kuafikiana tofauti na masharti yake. Usifikirie tu kwamba linaruhusu, soma. Na leseni ya maktaba uisome pia. Ikiwa ni MIT, mteja anaweza hata kuchanganya kazi yako na msimbo wake uliofungwa, mradi tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni vibaki. Ikiwa ni GPL, na anasambaza bidhaa iliyojengwa juu ya maktaba hiyo, wanaoipokea wana haki ya kupata msimbo wake. Mteja ambaye hajui tofauti hiyo aijue kutoka kwako sasa, si kutoka kwa wakili baadaye.

Akikataa yote haya na kushikilia sentensi yake, basi kazi hiyo iache. Najua ni rahisi kusema ukiwa na kazi nyingine mkononi. Nilipoisaini mimi sikuwa nayo.

Dada, mimi nimechangia mradi mmoja wa programu huria kwa kujitolea, mwaka wa tatu sasa. Juzi kampuni imeniomba nifanye marekebisho fulani humo humo kwa malipo. Naogopa wenzangu wataniona msaliti. Programu huria si ni ya bure?
Mchangiaji

Uhuru wake ni wa kutumia, kusoma, kubadilisha na kusambaza. Kulipwa hakujawahi kukatazwa. Richard Stallman mwenyewe, mwanzilishi wa harakati za programu huria, katikati ya miaka ya 1980, alikuwa akiuza kanda zenye GNU Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150 na kuishi kwa fedha hiyo, na mtu aliyeinunua aliruhusiwa kumpa jirani yake nakala.

Ila hofu yako siipuuzi. Mwaka 2006 baadhi ya watu wa Debian, mradi wa mfumo endeshi unaojengwa na watu wa kujitolea, walianzisha jaribio lililoitwa Dunc-Tank, la kuchangisha fedha ili wasimamizi wawili wa toleo walipwe, kila mmoja afanye kazi kwa muda wote mwezi mmoja, ili toleo lililoitwa etch litoke Desemba. Wapo waliojitolea miaka mingi ambao walijisikia wamesukumwa pembeni, na baadhi yao wakapunguza kasi. Etch ilitoka Aprili 2007. Nikilisoma tukio lile naona fedha haikuwa kosa. Kilichouma ni swali la nani ameamua kwamba kazi ya huyu inalipwa na ya yule hailipwi. Wewe huchaguliwi na mradi, unaajiriwa na mtu wa nje, kwa hiyo uko mahali salama zaidi. Watangazie wenzako mapema, na msimbo wako wa malipo ukaguliwe na mwingine, usiuidhinishe mwenyewe hata kama una ruhusa ya kufanya hivyo.

Na kukaa bila malipo nako kuna gharama yake. Tundu la Heartbleed lilipogunduliwa ndani ya OpenSSL mwaka 2014, ulimwengu ulishangaa kusikia kwamba programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Chukua kazi hiyo, mdogo wangu.

Nimeona dau la fedha limewekwa kwenye kosa fulani la mradi: atakayelirekebisha analichukua. Nimeanza kuandika, lakini naona watu wengine wawili nao wameanza. Niendelee?
Mwenye pupa

Uliza kwanza, hapo hapo kwenye mada ya kosa, kama kuna aliyepewa. Dau ni mbio, na wa pili hapati kitu hata kama msimbo wake ni bora. Ndiyo maana mimi madau nayachukua kwa makosa madogo tu, ya siku moja au mbili, na sharti nione msimamizi amejibu jambo lolote kwenye mradi ndani ya mwezi uliopita.

Kisha soma masharti ya anayeishika fedha, hasa kifungu cha dau lisilochukuliwa. Mwaka 2020 Bountysource, jukwaa la kuweka madau ya namna hii, ilitangaza kwamba dau likikaa miaka miwili bila mwenyewe litakuwa la jukwaa. Watumiaji walipiga kelele na kifungu kikaondolewa, lakini kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Tazama tarehe dau lilipowekwa, tazama kama aliyeliweka bado yupo, na uwaandikie hao wawili. Huenda mmoja wao amekwama mahali ambapo wewe umekwisha kupita, na soko likiruhusu kugawana, nusu ya dau kwa siku moja ya kazi inatosha.