Barua kwa mwanangu: bei ya nyumba ya Olasiti

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kwa kuwa mnaachana, mumeo anataka abaki na nyumba ya Olasiti, hapo Arusha, akulipe sehemu yako uondoke, na amekupa hesabu ya milioni 32 aliyoitoa kwenye ripoti ya uthamini mliyofanyiwa mlipochukua mkopo. Dalali wa hapo mtaani naye kakwambia nyumba ile haishuki milioni 200. Unaniuliza ushike ya nani. Usishike ya yeyote, mama.

Nianze na ripoti, maana hizo nimezisoma sana nilipokuwa dawati la mikopo. Ripoti ya benki huwa na bei mbili. Ya kwanza ni thamani ya soko: mnunuzi ana hiari, muuzaji ana hiari, hakuna anayekimbizwa. Ya pili, ya chini, ni ile ambayo benki inakadiria kupata ikibidi nyumba ipigwe mnada haraka. Benki inaitaka kwa kuwa inajilinda. Sasa nyie mnada wenu uko wapi? Umeniandikia kwamba ripoti ina milioni 120 na milioni 84. Yeye kachukua 84, katoa deni milioni 20, kagawa kwa mbili. Angechukua 120 akatoa deni hilo hilo, nusu ingekuwa milioni 50. Milioni 18 zimeyeyuka kwa kuchagua mstari wa chini tu. Baba yako ananiambia nisimhukumu mkwe, labda hakuelewa. Haya.

Na hiyo 120 yenyewe ni ya kabla ya ukuta na kisima. Deni nalo limepungua, kwa hiyo mwombe benki salio la leo kwa maandishi, si la kukumbuka kichwani.

Dalali anakutajia bei ya kuomba, si bei iliyolipwa, na kamisheni yake inapanda na bei. Tangu ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 uanze Olmoti, madalali wa upande huo wanauza kiwanja na mechi juu yake. Ukiishika 200 yake, mwenzako atakwambia, sawa, nilipe mimi milioni 90 ubaki wewe. Ungeweza? Mimi bei ya haki naipima hivyo: uwe tayari kuipokea na uwe tayari kuitoa.

Tafuteni mthamini mmoja mnayekubaliana wote wawili, mchangie malipo yake. Hakikisheni amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, ile iliyo chini ya sheria ya mwaka 2016, na barua ya kumpa kazi iseme wazi kwamba mnataka thamani ya soko ya tarehe ya ukaguzi. Siku akija, uwepo. Atapima kuta kwa nje, atagonga vigae, atataka kuchungulia darini, ataomba nakala ya hati na kibali cha ujenzi. Mwonyeshe na ule ufa wa jikoni, usiweke kabati mbele yake, ataukuta tu. Mwonyeshe vyumba vya uani mnavyopangisha na daftari la kodi. Kisima usikitegemee sana. Maji ya chini huko kwetu yana floraidi ya kuchafua meno ya watoto, na mnunuzi mjanja analijua hilo. Kisha muulize nyumba alizolinganisha nazo ziliuzwa kweli au zilitangazwa tu. Hilo swali ndilo litakalokuonyesha kama amefanya kazi.

Kuhusu nusu kwa nusu: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaangalia mchango wa kila mmoja, kisha inaelekea kwenye usawa. Anaposema wewe hukuleta saruji, mwambie Mahakama ya Rufani ilishaamua mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kulea na kutunza nyumba ni mchango. Ila mgawo kamili hata mahakama inaupima, kwa hiyo risiti zako za mabati na zile za SACCOS usizitupe.

Hati iko kwa jina lake peke yake, najua inakunyima usingizi. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Liweke wiki hii, hata kama mnaongea vizuri.

Sasa ile nyumba ya Kibosho, mliyojenga kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba mkwe. Hapo usitarajie bei ya soko, kwa sababu soko halipo. Nani atanunua nyumba katikati ya migomba ya ukoo, makaburi ya mababu yakiwa uani? Ardhi si yenu, iache. Dai gharama ya kuijenga upya leo ukiondoa uchakavu, maana fedha yenu imelala pale, na yeye ndiye atakayeendelea kwenda kula Krismasi.

Mkishakubaliana, wakili aandike, na makubaliano yapelekwe mahakamani pamoja na shauri la talaka, baada ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Usisaini chochote cha kuhamisha umiliki kabla fedha haijaingia kwenye akaunti yako. Na benki ikutoe kwa maandishi kwenye ule mkopo uliosaini naye. Hilo wanawake wengi wanalisahau, wanahama nyumba na deni linawafuata.

Kwa sasa nipigie picha ripoti ya benki kurasa zote, pamoja na viambatisho, unitumie kwa WhatsApp. Kesho nikitoka jumuiya nitaisoma, nikupigie jioni watoto wakishalala.

Mama yako,
Moshi