Jibu: Kwa nini saiklini D zipo tatu?

Mdogo wangu wa Iringa, umeuliza kwa nini tuna saiklini (protini zinazoendesha mgawanyiko wa seli) D1, D2 na D3 ilhali zote hushikana na vimeng'enya vilevile, CDK4 na CDK6. Huku Mbeya tukifundisha kidato cha sita hatufiki huko, kwa hiyo umenifurahisha.

Tofauti kubwa ni tishu zinamotengenezwa. Panya wasio na D1 hupata retina dhaifu, na matiti ya majike hayakui ipasavyo wakati wa mimba. Wakikosa D2, majike huwa tasa, madume wana korodani ndogo ila bado huzalisha. D3 ikikosekana, tezi ya thaimasi hudumaa. Sasa sikia hili: mwaka 1999 watafiti waliweka jeni ya saiklini nyingine, E, mahali pa jeni ya D1 kwenye panya, na retina na matiti vikakua! Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko majedwali yote ya vitabuni kwamba tofauti iko zaidi kwenye tishu inamotengenezwa kuliko kwenye protini yenyewe.

Saiklini A nayo ina A1, ambayo hupatikana hasa kwenye korodani, na A2 kwingineko.

Ila CDK5 ya kwenye neva iweke kando: mwenzake ni p35, ambayo si saiklini.