Pumu ya ngozi: siku ngozi ikitulia ndio kazi inaanza (jibu refu kwa dada aliyeuliza jana)

Dada, nimesoma ulichoandika jana nikashindwa kupita kimya kimya maana ni kama umeandika maisha yangu. Kwa ambao hawajausoma, dada ana pumu ya ngozi (ekzema, wengine mnaita ukurutu) toka utotoni, inamkaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, usiku halali kwa kujikuna, ameshapaka kila losheni aliyoshauriwa, hospitali kapewa tyubu ya steroidi (dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe na muwasho) ila anaiogopa, na anauliza mambo matatu: aache kuoga kila siku? hiyo dawa itamharibu ngozi? na mwanae wa miezi minane anaweza kuambukizwa? Mi sio daktari, ni mgonjwa mwenzako wa zaidi ya miaka 20, kwaio chukua haya kama ya mtu aliyepita hapo ulipo, na ya dawa kahakikishe kwa daktari wako.

Nianze na kosa langu kubwa, maana naona kama na wewe unalifanya. Mimi nilikuwa naitibu ngozi ikiwaka tu. Ikiwaka napaka asubuhi mchana jioni, ikitulia wiki moja mbili nafunga kopo naliweka kabatini naendelea na maisha, halafu inarudi nalia kwamba dawa haifanyi kazi. Nilienda hivo miaka mingi sana. Kuna daktari mmoja wa ngozi hakunipa dawa mpya hata moja siku hiyo, aliniuliza tu, "Ngozi ikiwa nzuri unaifanyia nini?" Nikanyamaza, sikuwa na jibu. Akaniambia hata mahali panapoonekana pametulia, chini yake uvimbe mdogo mdogo bado upo, na ukuta wa ngozi yetu haujakaza kama wa wengine. Toka hapo ndio nikaanza kuona mabadiliko, na yote ninayoandika hapa chini yametokea kwenye hilo swali.

Huo ukuta ukiuelewa mambo mengi yanajipanga yenyewe. Ngozi ya juu kabisa ni kama matofali yaliyoshikwa na udongo wa mafuta. Kwetu sisi udongo ni haba, kwaio maji ya ndani yanatoka hovyo na vya nje (sabuni, vumbi, bakteria) vinapenya kirahisi, mwili unapambana navyo ndio unapata ule muwasho na wekundu, au kwa wenye ngozi nyeusi unaona zaidi weusi uliokolea, zambarau au kijivu kuliko wekundu, na hili liseme ukienda hospitali maana wengine wanatafuta wekundu wasipouona wanadhani sio kali. Baadhi yetu tumezaliwa na hitilafu kwenye jeni (yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) ya protini inaitwa filagrini ambayo ni sehemu ya kujenga huo ukuta, hilo lilijulikana mwaka 2006. Nakwambia hivi ili uache kujilaumu, hukujiletea kwa uchafu wala kwa kukosea kula.

Sasa kuoga. Usiache kuoga dada, badilisha unavyooga. Maji ya vuguvugu, sio ya moto, najua ya moto yanapoza muwasho kwa raha isiyoelezeka lakini ukitoka tu nusu saa baadae unalipia. Dakika 5 mpaka 10 zinatosha. Sabuni ya kawaida yenye povu jingi na harufu iweke pembeni, tumia ile ya kuoshea ngozi kavu isiyo na manukato, na hiyo pia paka penye jasho na uchafu tu, kwapani, sehemu za siri, miguu, sio kusugua mwili mzima. Dodoki na jiwe viache kabisa. Ukitoka usijifute kwa kusugua, gusa gusa na taulo mpaka unabaki na unyevu kidogo, na HAPO HAPO, ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika tatu hivi, unapaka mafuta yako. Mimi kopo linakaa bafuni, silibebi kwenda chumbani, maana nikishatoka bafuni simu inaita, mtu anabisha hodi, ngozi inakauka nimesahau.

Mafuta gani? Watu watakuletea majina mia hapa chini. Jibu langu ni yale utakayokubali kuyapaka kila siku, yasiyo na harufu. Losheni nyepesi zina maji mengi, zinakauka haraka, kwa ngozi kavu sana hazitoshi. Krimu nzito ni katikati. Mafuta ya mgando yanafunga maji vizuri kuliko vyote ila yanashika nguo na wengine yanawatoa jasho. Mimi mchana krimu, usiku mgando. Na kiasi ndio wengi tunakosea, mtu mzima mwenye pumu ya ngozi iliyotapakaa anatumia kama gramu 250 mpaka 500 kwa WIKI, kwaio kama kakopo kako kadogo kanakaa miezi mitatu basi hupaki, unajigusa tu. Paka kwa kushusha kufuata vinyweleo vinapolalia, usisugue juu chini maana vitundu vya vinyweleo vinaziba na kuleta vipele. Ukichota kwenye kopo tumia kijiko kisafi, vidole vinaingiza bakteria mle. Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia mpaka nimekuwa mkubwa: haya mafuta yakishakolea kwenye nguo na mashuka, moto ukigusa vinashika haraka sana, kwaio mbali na sigara, jiko na mishumaa, na kufua hakuyatoi yote.

Steroidi. Hapa nakuomba usome taratibu. Hofu yako naielewa na haijatoka hewani, watu wameharibika ngozi kweli, lakini ukichunguza wengi ni waliopaka kali miezi na miaka bila usimamizi, au walipaka krimu za kujichubua zenye steroidi ndani bila kujua. Kupaka ile uliyoandikiwa, kwa nguvu iliyoandikwa, sehemu iliyoandikwa, kwa siku zilizoandikwa, hiyo ni habari nyingine. Mimi kwa kuogopa nilikuwa napaka kidogo kama chumvi, siku mbili naacha, muwasho unarudi, napaka tena siku mbili, mwisho wa mwezi nimetumia dawa nyingi kuliko ambaye angepaka vizuri wiki moja ikaisha. Kipimo nilichofundishwa ni cha ncha ya kidole: ukikamua dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kwenye mstari wa kwanza wa kiungo, ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Usoni, kwapani na kwenye kinena ngozi ni nyembamba, ya mkononi usiihamishie huko bila kuuliza. Usiipake pamoja na mafuta kwa wakati mmoja, acha nafasi, mi naacha kama nusu saa. Na kama inawaka sehemu zile zile kila mara, muulize daktari kuhusu kupaka siku mbili tu kwa wiki kwenye hizo sehemu hata zikiwa zimetulia, ni utaratibu unaojulikana na ndio ulionivusha mimi. Kuna na dawa za kupaka zisizo steroidi kabisa kwa sehemu kama kope, ulizia.

Usiku sasa. Najua ile saa nane ya usiku, umeshaamka tayari kucha zipo nyuma ya goti, hujui umeanza saa ngapi, asubuhi shuka lina vidoti vya damu na unga unga wa ngozi unaukung'uta kabla mtu hajaingia. Nililia sana kwa ajili ya hayo mashuka. Kilichosaidia: kucha fupi kabisa na kuzilainisha kwa tupa, kila Jumapili bila kukosa. Nguo ya kulalia ya pamba mikono mirefu, nyepesi. Chumba kiwe na ubaridi, blanketi la sufi halinigusi tena, joto na jasho ndio adui wa kwanza usiku. Muwasho ukija sijikuni, nabonyeza kwa kiganja au naweka kitambaa kilicholowa maji baridi dakika kadhaa halafu napaka mafuta. Maana ukijikuna ukuta unachanika, ukichanika uvimbe unaongezeka, uvimbe unaleta muwasho, unajikuna tena, ndio mzunguko wenyewe huo. Na usimkubali mtu anayekwambia "acha kujikuna" kama vile ni tabia mbaya, muwasho huu sio wa kuamua. Vile vidonge vya mzio vinavyoleta usingizi mi vilinilaza tu, muwasho wenyewe havikuugusa sana.

Kuhusu vichochezi, nilishika daftari miezi miwili. Kila jioni mistari mitatu tu: ngozi ikoje kwa namba 0 mpaka 10, nililalaje, leo kimebadilika nini. Nilikuwa nimeshaapa ni chakula, nimeacha vitu kibao mpaka nikakonda, kumbe daftari linaonyesha wiki mbaya zote mbili zilifuata siku nilizofua kwa mikono na kuweka ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu, pamoja na kipindi cha msongo kazini. Nikavaa glavu zenye kitambaa cha pamba ndani, nikaacha manukato kwenye nguo, nikawa nasuuza mara moja zaidi. Yako yanaweza kuwa mengine kabisa. Ila chakula usikate kwa kukisia dada, na kwa mtoto usithubutu kabisa bila daktari, wanakosa lishe bure.

Kuna mambo usiyasubirie hata siku moja: ngozi ikianza kutoa usaha au maji yanayoganda rangi ya asali, ikawa ya moto na inauma kuliko kuwasha, au una homa, hiyo ni bakteria imeingia, nenda. Na ukiona vilengelenge vidogo vya kufanana vimejikusanya, vinauma, vinapasuka vinaacha vidonda vya duara kama vimetobolewa, hiyo ni dharura, nenda siku hiyo hiyo, inaweza kuwa kirusi cha hapisi (herpes, kile kinacholeta vidonda vya homa mdomoni) kimesambaa kwenye ngozi yenye ekzema, kinahitaji dawa yake haraka.

La mwisho, mwanao. Hapana dada, huwezi kumwambukiza, mbebe, mkumbatie, lala nae, oga nae. Anachoweza kupata kwako ni kurithi mwelekeo tu, na anaweza asipate chochote. Uliandika kwamba umeanza kumpaka mafuta mazito kila siku ili kumkinga, kwenye hilo Uingereza waliwafuatilia watoto wachanga zaidi ya 1,300, majibu yakatoka 2020, na waliopakwa kila siku mwaka wa kwanza hawakupata ekzema pungufu kuliko wasiopakwa. Kwaio kama ngozi yake ni nzuri usijichoshe wala usijilaumu siku ukisahau. Akianza ukavu na vipele mashavuni au mikunjoni mpeleke mapema, aanze mafuta yake mapema. Kitu kimoja tu nakuomba ukikazanie, na hiki kinakuhusu na wewe mwenyewe: mtu mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto, hata awe bibi yake, mpaka kipone kabisa, maana ni kirusi kile kile nilichokitaja hapo juu. Mi nilimwomba shangazi yangu kwa heshima zote, nikamwonyesha mikono yangu, akaelewa, akawa anambusu mwanangu kisogoni juu ya kofia.