Kabla hujaandika "ulafi", kagua meza

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, insha zenu za Harusi ya Wakulima, picha ya mchoraji Pieter Bruegel, nimezimaliza. Nawapenda, ila mmenichosha. Kila mbwa kwenu ni uaminifu, kila mtungi ni ulevi, na mkulima hawezi kutafuna bila kupigiwa mawaidha.

1. Orodhesha kilichomo pichani kwanza, kamusi ya alama ifuate.

2. Kagua meza. Hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipoumbuka. Nikiwa kama nyinyi, nilisimama kwenye semina nikatangaza kwamba picha hii ya mwaka 1567 hivi inakemea ulafi. Ushahidi niliuona tele: mtoto wa mbele, kofia yenye unyoya wa tausi imemfunika macho, analamba vidole; mpiga zumari mmoja kaacha kupuliza, kakodolea chakula; kona ya kushoto bia inamiminwa. Nilitamba, hadi Kilatini nikachomekea. Mwalimu akaniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Nyama iko wapi?" Nikaigeukia picha kuisaka, sahani moja baada ya nyingine. Uji. Mkate. Bia. Hata hilo sinia ni mlango uliong'olewa bawabani, umebebwa na wanaume wawili, mmoja kachomeka kijiko kofiani. Ukutani kuna miganda ya nafaka na reki. Watu wamevuna, wameozesha, wanakula uji ghalani, mimi nimeshawapeleka motoni! Rafiki yangu alicheka mpaka akaombwa atoke. Hadi leo akinipigia simu salamu yake ni, "Vipi, nyama umeipata?"

3. Bibi harusi hana utata: kitambaa cha kijani nyuma yake, taji la karatasi limening'inia juu, mikono kaikutanisha, hali wala hasemi. Bwana harusi ndiye mtihani. Wengine humwona ni yule anayemimina bia, wengine ni anayepitisha sahani mezani. Andika kwamba anabishaniwa, songa mbele. Nimeona kurasa tatu za kumtafuta, na mtafutaji hakubakiza hata aya moja ya mtawa Mfransisko aliyeketi upande wa kulia akizungumza na bwana mmoja.

4. Mguu wa ziada chini ya ule mlango upo kweli, si macho yako. Usiujengee nadharia.

5. Karel van Mander, mwandishi wa maisha ya wachoraji, si shahidi wa macho. Aliandika mwaka 1604, Bruegel akiwa amefariki mwaka 1569. Kisa chake kitamu mno: Bruegel na rafiki yake Hans Franckert wanavaa kikulima, wanabeba zawadi, wanazamia harusi na kujifanya ndugu wa maharusi. Sisi tuliowahi kuzamia harusi tunatamani kiwe kweli, na hapo ndipo pa kukitilia shaka.

6. Sasa msiende mkasema nimepiga marufuku maadili. Vuka hadi Ngoma ya Wakulima, picha nyingine ya Bruegel iliyomo jumba lilelile la makumbusho, Kunsthistorisches mjini Vienna. Kanisa liko nyuma na hakuna anayeligeukia. Picha ya Bikira Maria imebandikwa mtini, na wacheza ngoma hawana habari nayo. Wawili wanabusiana hadharani. Anayetaka kuhubiri hapo ana pa kuanzia. Aanze na kanisa, mitungi aiache.